Mtalaka Kule, Mke wa Mtu Hapa

Afisa hakuwa mkali. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloniambia binamu yangu aliponipigia kutoka kwenye korido ya ofisi ya usajili wa ndoa, mchumba wake akiwa amekaa kwenye benchi na bahasha ya vyeti mapajani. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, na aliisoma hati ya talaka kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikafika ukurasa wa tatu, kikasimama.

"Hapa naona shauri lilisikilizwa upande mmoja," alisema. "Huyu bwana alijua?"

Binamu yangu akajieleza. Talaka ina miaka minne. Ina muhuri wa mahakama, ina apostili, ile karatasi ya kuthibitisha hati inayokwenda nchi nyingine, imetafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Yule mama akaitikia kila kimoja kwa kichwa, kisha akasema habishi kwamba ameachika. Ameachika kule hukumu ilikotolewa. Kwenye daftari la hapa, ilikosajiliwa ndoa yake ya kwanza, bado ni mke wa mtu, na mke wa mtu haandikiwi ndoa nyingine mpaka mahakama ya hapa iitambue hukumu ya kule.

"Kaka, kumbe nina mume," aliniambia. Akacheka. Kisha akaanza kutukana.

Nchi hizo mbili sitazitaja. Mwenyewe ameniomba, na kusema kweli ukizibadilisha kwa nyingine mbili, kisa kinabaki kilekile.

Kilichonikaa kichwani wiki zote hizi ni lile swali.

Huyu bwana alijua?

Kuingia hakuna kazi

Mwanzoni nilikuwa upande wa binamu yangu moja kwa moja. Hati ina muhuri, jaji ni jaji, mnataka nini tena? Nikaanza kusoma ili nimpatie hoja za kumrudia nazo yule afisa, na cha kwanza kilichonishangaza ni jinsi dunia ilivyo karimu kwa ndoa zilizofungwa ugenini.

Kanuni ya zamani, ambayo nchi nyingi huifuata kwa namna moja au nyingine, ni kwamba ndoa iliyofungwa kwa taratibu za mahali ilipofungwa huhesabiwa kuwa imefungwa. Basi. Ndiyo maana wapenzi kutoka Israel na Lebanon, nchi ambazo hazina ndoa ya kiserikali, hupanda ndege kwenda Cyprus asubuhi na kurudi wakiwa mume na mke. Ndiyo maana watu kutoka kila pembe hufunga ndoa Denmark, ambako makaratasi ni machache. Tangu 2020, kaunti moja ya jimbo la Utah nchini Marekani imekuwa ikifungisha ndoa kwa video, maharusi wakiwa popote walipo, na Machi 2023 Mahakama ya Juu ya Israel iliamua kwamba hata hizo zisajiliwe.

Lebanon ndiyo iliyonichekesha. Ndoa ya kiserikali iliyofungwa nje ikiingia kwenye mgogoro, mahakama ya kiraia ya Beirut huiamua kwa sheria ya nchi ilikofungwa, isipokuwa wanandoa wote wawili wakiwa Waislamu. Maana yake jaji wa Lebanon anakaa na wanandoa wa Lebanon, wanaoishi Lebanon, akifunua kitabu cha sheria za Cyprus.

Wale waliofunga ndoa pale kwa sababu ya ufukwe hawakujua kwamba siku hiyohiyo walikuwa wanachagua sheria ya talaka yao.

Ukarimu huo una mipaka, bila shaka. Mwaka 1861 mabwana wa Bunge la Uingereza, waliokuwa ndio mahakama ya mwisho, waliifuta ndoa ya Mwingereza aliyekwenda kumwoa shemeji yake, dada wa marehemu mkewe, katika eneo lililokuwa chini ya Denmark. Kule iliruhusiwa, kwao ilikatazwa. Mume na mke walikuwa wamekwisha kufa wakati huo. Kilichogombewa ni mirathi ya watoto.

Jaji anajiuliza yeye ni nani

Talaka haikupewa ukarimu huo. Kabla jaji hajauliza kama ndoa imevunjika, lazima ajiulize kama yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuivunja, na hapo nchi zimegawanyika tangu zamani.

Ziko zinazotazama uraia. Sheria ya Ufaransa ya 1804 ilisema sheria zinazohusu hadhi ya mtu zinamfuata Mfaransa hata akiwa ugenini, na mwaka 1851 Pasquale Mancini akasimama Turin kufundisha kwamba taifa ndilo msingi wa sheria kati ya mataifa. Ziko nyingine, hasa zilizorithi sheria ya Kiingereza, zinazotazama mahali ulipotia mizizi. Kwa hiyo wanandoa haohao wanaweza kuwa na mahakama mbili, tatu, kila moja ikiamini kwa dhati kwamba wao ni wake. Au wasiwe na hata moja.

Kuna kesi kongwe ambayo kila mwanafunzi wa sheria Ufaransa huisoma. Binti wa kikabaila, raia wa Ubelgiji, aliolewa na Prince de Bauffremont, Mfaransa, akapata uraia wa mumewe. Ndoa ikaharibika. Ufaransa ya wakati ule haikuwa na talaka. Mahakama iliweza tu kuwatenganisha mume na mke, na hilo alilipata mwaka 1874. Akahamia Saxe-Altenburg, dola ndogo ya Ujerumani, akachukua uraia wa huko, na kwa sheria za huko akahesabiwa ameachika. Mwaka 1875 akaolewa Berlin na Prince Bibesco wa Romania.

Mume wa kwanza akaenda mahakamani. Mwaka 1878 Mahakama ya Kasasheni, mahakama ya mwisho ya Ufaransa, ikasema uraia ule ulichukuliwa kwa lengo moja tu, kuikwepa sheria ya Ufaransa, na kwa hiyo Ufaransa haitambui talaka wala ndoa ya Berlin. Mwanamke mmoja, waume wawili, kutegemea umesimama upande gani wa Mto Rhine.

Miaka sita baadaye, 1884, Ufaransa ikarudisha talaka.

Nilidhani mambo hayo yamekwisha na karne yake. Hayajakwisha. Ufilipino hadi leo haina talaka kwa raia wake walio wengi; Waislamu wana sheria yao. Kipengele cha 26 cha sheria yake ya familia kinamfungua Mfilipino ambaye mwenzi wake mgeni amepata talaka nje. Lakini je, kama aliyeomba talaka huko nje ni Mfilipino mwenyewe? Swali hilo lilingoja hadi Aprili 2018, Mahakama ya Juu ilipomkubalia mwanamke aliyepata talaka yake Japan. Na hata sasa kuambatisha hukumu hakutoshi. Ni lazima afungue shauri nyumbani na kuithibitisha ile sheria ya kigeni kwa ushahidi, kama anavyothibitisha jambo jingine lolote la kesi, kwa sababu jaji wa Manila hachukuliwi kuwa anaijua sheria ya Tokyo.

Watu hupoteza kesi hapo. Wanaleta hukumu, wanasahau kuleta sheria.

Ile karatasi ya mraba

Binamu yangu aliishikilia sana apostili yake. Nimeiona picha yake: mraba uliogandishwa nyuma ya hati, mistari yake ina namba kuanzia 1 mpaka 10, kichwa cha habari kwa Kifaransa kikitaja Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Nchi zaidi ya 120 zimo kwenye mkataba huo, na inapendeza kuona jambo ambalo dunia imekubaliana.

Ila tazama imekubaliana nini. Apostili inathibitisha kwamba saini ni ya kweli, kwamba aliyetia saini alikuwa na cheo hicho, na kwamba muhuri si wa kughushi. Kuhusu kilichoandikwa ndani haina neno. Unaweza kuibandika kwenye talaka ambayo nchi ya pili haitaitambua milele, na apostili itakuwa sahihi kabisa.

Kuhusu kilichomo kuna mkataba mwingine wa Hague, wa Juni 1970, wa kutambuliana talaka. Wanachama wake ni nchi ishirini hivi. Kuna na wa 1978 wa kutambuliana ndoa, wenye wanachama watatu tu: Australia, Luxembourg na Uholanzi. Nje ya hapo kila nchi ina mlango wake. Ujerumani, kwa mfano, talaka nyingi zinazotoka nje ya Umoja wa Ulaya lazima zipelekwe kwanza kwa mamlaka ya sheria ya jimbo kabla msajili hajazigusa.

Hasira yangu ilifika kileleni hapo. Kwa nini wasiweke kanuni moja duniani kote, talaka ya popote iwe talaka ya kila mahali?

Mwanamke mwingine

Nilipoa nilipokutana na kesi ambayo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitolea uamuzi Desemba 2017.

Mume na mke, wote wakiwa na uraia wa Syria na wa Ujerumani. Walifunga ndoa Syria, wakaishi huku na huku, mwisho wakawa Ujerumani. Mwaka 2013 mume alimtuma wakala wake atamke talaka kwa niaba yake mbele ya mahakama ya kidini ya Latakia. Kisha akapeleka karatasi Munich ili Ujerumani iitambue talaka hiyo, na mwanzoni ikatambuliwa. Mke akapinga. Swali likapanda hadi Luxembourg, iliko Mahakama hiyo ya Haki, na jibu likawa kwamba talaka iliyofanywa kwa tamko la mmoja wa wanandoa haimo ndani ya kanuni ya Ulaya inayochagua sheria ya talaka. Ujerumani ijitafutie jibu katika sheria zake yenyewe.

Soma tena kwa ile kanuni yangu moja ya dunia nzima. Talaka ya popote ni talaka ya kila mahali. Mwanamke huyu asingekuwa na mahali pa kupinga.

Nikaurudia mkataba wa 1970 kwa macho mengine. Kipengele cha 8 kinaruhusu nchi kuikataa talaka ikiwa hatua za kutosha hazikuchukuliwa kumjulisha mdaiwa kwamba kuna shauri, au ikiwa hakupewa nafasi ya kutosha kujieleza. Sheria ya Uingereza ya 1986 inasema karibu vilevile. Yule afisa wa usajili hakuwa akitafuta kosa. Alikuwa akiuliza swali ambalo waandishi wa mikataba walilikuta ndilo la msingi.

Nikampigia binamu yangu.

"Alijua?"

"Aliondoka yeye, kaka. Mimi ndiye niliyeachwa."

"Hilo nalijua. Samansi ilimfikia?"

Kimya. Kisha akaniambia. Wakili wa kule alisema kumtafuta mtu nje ya nchi kunachukua muda mrefu, wito upitie mamlaka kuu ya nchi ile, utafsiriwe, urudi na uthibitisho. Mahakama ikikubali kwamba mdaiwa hajulikani alipo, tangazo la gazeti linatosha. Likatolewa tangazo, kwenye gazeti ambalo bwana yule, akiwa bara jingine, hakuwa na njia ya kuliona. Jaji akaridhika, shauri likasikilizwa upande mmoja.

"Lakini namba ya kaka yake ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo," alisema. "Hakuna aliyeniuliza."

Sikumlaumu na simlaumu. Mtu aliyetelekezwa ana haki ya kumaliza. Sheria ya kule ilimruhusu, wakili alimshauri, jaji alikubali. Ila tangu jibu hilo sijaweza kuwa upande mmoja tena, na hilo linaniudhi, kwa sababu ni ndugu yangu na ningependa awe na haki yote.

Tarehe

Ombi la kutambua talaka lilipofunguliwa, safari hii samansi ilimfikia mume, na akajitokeza na wakili. Anasema talaka haipingi hata kidogo. Anachopinga ni tarehe.

Ilinichukua muda kuuona mtego. Katika miaka hii minne binamu yangu amenunua nyumba ndogo kwa mkopo, kwa jina lake. Hukumu ya kule ikitambuliwa, aliinunua akiwa mtalaka. Ikikataliwa, itabidi aombe talaka upya hapa, na nyumba itakuwa imenunuliwa ndani ya ndoa.

Watu husema talaka kana kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikata kipande hiki vizuri. Mume wa New York alikwenda Nevada, ambako tangu 1931 wiki sita za ukaazi zilitosha kuomba talaka, akaipata mke akiwa hayupo. Mahakama ikasema ndoa imekwisha, sawa, lakini amri ya matunzo ambayo mke alikuwa ameshaipata New York inabaki palepale. Nevada iliweza kuvunja ndoa. Haki ya pesa ya mtu ambaye hakuwahi kufika mbele yake haikuweza kuigusa. Unaweza basi kuwa mtalaka kwa hadhi na bado kuwa mume kwa mfuko.

London imelijenga hilo kuwa mlango kamili. Sheria ya 1984 inaruhusu mahakama za England kugawa mali hata baada ya talaka kutolewa nje. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko ilimrudishia pauni 275,000 mke aliyeachwa kwa hukumu ya Nigeria baada ya ndoa ya miaka 38, ikisisitiza kwamba haikai kama mahakama ya rufaa juu ya majaji wa Lagos. Na pensheni za kazi za huko zina ukaidi wao: msimamizi wa mfuko hagawi kitu kwa amri ya jaji wa nje, sharti amri itoke mahakama ya kwao. Nani anakumbuka pensheni siku anapotaka tu kutoka?

Ndani ya Umoja wa Ulaya tatizo la mahakama mbili walilitatua kwa kanuni rahisi: iliyofunguliwa kwanza ndiyo inayoendelea, nyingine inasimama. Kanuni safi kwa majaji. Kwa wanandoa imekuwa mbio. Wakili mwangalifu atakwambia fungua kwanza, zungumzeni baadaye, kwa sababu ukitangulia kupendekeza usuluhishi mwenzako anaweza kukimbilia mahakama inayomfaa yeye.

Na watoto je

Binamu yangu hakuzaa na yule bwana. Anasema ndilo jambo pekee analoshukuru, nami baada ya kusoma ninachokuja kukisema namwelewa.

Mkataba wa Hague wa Oktoba 1980 kuhusu watoto waliochukuliwa na mzazi mmoja na kuvushwa mpaka una wanachama zaidi ya 100. Japan ilijiunga 2014, baada ya kushinikizwa miaka mingi. Unamhusu mtoto wa chini ya miaka 16. Hauulizi nani mzazi bora. Unauliza mtoto alikuwa anaishi wapi kwa kawaida, na kama alichukuliwa bila haki, arudishwe huko, mahakama za huko ndizo ziamue malezi. Ombi likifunguliwa kabla ya mwaka kwisha, kurudishwa ndiyo kanuni.

Waliouandika walikuwa wakimwaza zaidi baba aliyeshindwa kesi ya malezi akamtorosha mtoto. Takwimu za ofisi ya Hague inayosimamia mkataba huo zinaonyesha kwamba siku hizi karibu robo tatu ya wanaochukua watoto ni akina mama, na wapo miongoni mwao wanaokimbia kipigo. Kwao kuna kipengele cha 13: jaji anaweza kukataa kumrudisha mtoto ikiwa kuna hatari kubwa ya kudhurika. Ni lile swali la nani alisikilizwa, ila hapa anayehitaji kusikilizwa hawezi kuandika barua.

Ukiupanua mlango huo, mkataba unakufa, kila anayechukua mtoto atadai hatari. Ukiubana, unamrudisha mtoto kwenye nyumba ya vita. Nimejaribu kuchagua upande nikashindwa.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na mama aliyemleta mtoto kutoka Italia. Mahakama ya chini ilikubali kwamba kumrudisha kungemweka kwenye hatari kubwa, ikaamuru arudishwe hata hivyo, kwa masharti ya kumlinda, kwa sababu majaji wa eneo la mahakama hiyo walitakiwa kumaliza kwanza kila njia ya kumlinda kabla ya kukataa. Mahakama ya Juu ikasema mkataba haudai hivyo. Unataka haraka: jaji asipoamua ndani ya wiki sita, mwombaji ana haki ya kuuliza sababu. Shauri lenyewe lilikuwa limefunguliwa 2018, mtoto akiwa na umri wa miaka miwili. Uamuzi ulipotoka alikuwa wa miaka sita, na kesi ikarudishwa chini ikaangaliwe upya.